Kidingapopo: homa tuliyowahi kuijua kwa jina

Chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, imerudi kwenye taarifa za habari. Ilianza kusambaa upya kisiwani Réunion mwezi Agosti 2024, ikaingia Mauritius, na ilipofika Julai 2025 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari, wakati mji wa Foshan kusini mwa China ukihesabu wagonjwa kwa maelfu. Habari hiyo ikitajwa hapa Tanga, iwe barazani Ngamiani au kwenye makundi ya simu, mazungumzo hayakawii kuhamia kwenye jina. Mmoja atasema chikungunya ni Kiswahili. Mwingine ataongeza kwamba hata dengue, homa nyingine ya mbu, ni neno letu, limetokana na kidingapopo, wageni wakalikata na kulipeleka Amerika. Watu hufurahi, kisha mada hubadilika. Naona fahari hiyo imeshika pasipo. Dai la kwamba dengue ni Kiswahili halijathibitika, na ushahidi uliopo unaelekea upande mwingine. Ila jina kidingapopo limebeba jambo kubwa kuliko asili ya neno: watu wa pwani hii waliwahi kuutambua ugonjwa uliorudi baada ya karibu miaka 50, bila maabara wala darubini, kwa sababu waliupa jina na wakalitunza. Uwezo huo tumeupoteza, na hasara yake inaonekana kila siku katika maduka ya dawa na vituo vya afya vya mkoa huu.

Suala la chikungunya halihitaji maneno mengi. Neno hilo ni la Kimakonde, na maana yake ni kitu kinachokunja, kinachomfanya mtu ajikunje. Lilichukuliwa kutoka vinywani mwa wagonjwa wa uwanda wa Wamakonde, wilaya ya Newala, ugonjwa ulipolipuka huko mwaka 1952 na 1953. Watafiti Marion Robinson na W. H. R. Lumsden wakaandika juu yake mwaka 1955, na tangu hapo dunia nzima inalitumia. Zipo taarifa nyingi za kitabibu zinazosema ni Kiswahili, na sisi tumezipokea kwa kuwa zinatupendeza. Wamakonde wana haki ya kurudishiwa neno lao.

Kidingapopo ndilo lenye mambo mengi. Aliyetuachia maelezo ya mapema na ya kina juu yake ni James Christie, daktari Mskoti aliyekuwa tabibu wa Sultani wa Zanzibar. Ni huyohuyo aliyefuatilia nyayo za kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870, akauliza njia za misafara na vituo vyake mpaka akabaini kwamba safari ile maradhi yaliteremka kutoka bara, yakafika Pangani, ndipo yakavuka kwenda Unguja. Kitabu chake cha kipindupindu cha Afrika Mashariki kilitoka mwaka 1876, na mtu wa Tanga akikisoma atakutana na mto na mji anaoujua. Sasa, kabla watu hawajamaliza matanga ya kipindupindu, katikati ya mwaka 1870 Unguja ikapigwa na maradhi mengine. Mtu alikuwa mzima asubuhi, mchana amekakamaa viungo, anashindwa kunyanyua mguu, homa inapanda na ngozi inatoka vipele. Waliougua walikuwa wengi mno, waliokufa wakawa wachache. Kwa daktari yule yalikuwa mageni, na waliomtoa gizani ni wenyeji. Walimwambia hii ni kidinga pepo, na wazee wakakumbuka kwamba yaliwahi kupita walipokuwa wadogo, yapata miaka 47 nyuma. Ukihesabu unafika mwaka 1823. Christie alieleza jina hilo kuwa ni mkazo wa ghafla wa mwili unaodhaniwa kuletwa na pepo. Katika kamusi za baadaye limekaa kama kidingapopo, na ndivyo Wizara ya Afya inavyoliandika hadi leo.

Maradhi hayo hayakuishia Unguja. Mwaka 1871 yalikuwa Aden, na mwaka 1872 yalikuwa yameenea India, yakifuata njia za meli na bidhaa. Hata yale ya 1823 yalifuatiwa na mlipuko kama huo nchini India mwaka 1824. Kwa maana ya leo lilikuwa janga hasa, maana lilivuka bahari na kugusa watu wa mabara zaidi ya moja. Nataja safari hiyo kwa sababu ndiyo iliyomwezesha Christie kwenda mbali zaidi katika fikra zake na kutoa dai ambalo bado linatufurahisha barazani.

Dai lenyewe lilijengwa hivi. Mwaka 1827 homa ya kukaza viungo ililipuka katika kisiwa cha St. Thomas, huko Karibi, na mwaka 1828 ikafika Cuba. Waliozungumza Kiingereza visiwani waliiita dandy, kwa kuwa mgonjwa alitembea amekakamaa kama mtu anayeringa. Huko Cuba homa hiyo iliitwa dunga, kisha dengue. Katika Kihispania dengue lilikuwa neno la kawaida lenye maana ya madeko na kujibaraguza. Christie akaona mnyororo: dinga ya Zanzibar ya mwaka 1823 ikawa dunga ya Cuba, na Wahispania, kwa kusikia sauti inayofanana na neno lao wenyewe, wakaigeuza dengue. Waliobeba ugonjwa na jina, kwa mujibu wa dai hili, ni Waafrika waliosafirishwa utumwani. Dai hili si la kubezwa. Miaka inaoana. Ni kweli kwamba watu wa Afrika Mashariki walipelekwa utumwani hadi Cuba na Brazil katika karne ile. Na maneno huzoea kubadilika namna hiyo: yakiingia lugha mpya hutafuta neno jirani la kufanana nalo.

Upande wa pili una hoja nzito zaidi, na kwa muda mrefu haikujulikana. Mwaka 1998 mtafiti José Rigau-Pérez alionyesha kwamba Malkia María Luisa wa Hispania, katika barua yake ya mwaka 1801, alilitumia neno dengue kwa maradhi yaliyokuwa yakisumbua watu wakati huo. Hiyo ni miaka 22 kabla ya homa ya 1823 ya Zanzibar, na kabla Karibi haijaipata dunga yake. Kwa hiyo neno lilikuwa limeshavaa maana ya ugonjwa huko Hispania kwenyewe, na halikuhitaji kutoka kwetu. Mtetezi wa Kiswahili anaweza kusema kwamba 1823 ni mwaka wa kumbukumbu tu, na kwamba huenda kidinga ilikuwa ikitajwa pwani zamani zaidi, ikapanda meli mapema. Huenda. Lakini anayedai hivyo ndiye mwenye mzigo wa ushahidi, na kufanana kwa sauti peke yake hakutoshi. Mimi naamini barua ya 1801 imeliweka dai la Christie mahali pagumu sana, na ni heri tuliseme hivyo wenyewe kuliko kusubiri kuambiwa.

Kuna jambo jingine linalolipunguza nguvu zaidi. Mwaka 1971 mtafiti Donald Carey alizipitia upya taarifa za milipuko ya zamani akauliza kama ule ugonjwa wa Zanzibar ulikuwa dengue kweli. Dalili alizoandika Christie zina maumivu ya viungo yanayobaki, yanayorudi baada ya homa kuondoka, yanayomfanya mtu aamke asubuhi vidole havifungi wiki nyingi baadaye. Hiyo ni tabia ya chikungunya kuliko dengue. Nadhani Carey alikuwa sahihi. Na kama alikuwa sahihi, basi jina kidinga pepo la mwaka 1870 liliuelezea ugonjwa uleule ambao Wamakonde waliuita chikungunya miaka 80 baadaye, kwa hisia ileile ya mwili unaokazwa na kukunjwa. Huko ng'ambo jina dengue likaja kukaa kwa kirusi kingine. Ikapita zaidi ya karne moja ya kuchanganya homa mbili zinazofanana, na hapa kwetu pia neno kidingapopo likahamishwa taratibu kuwa tafsiri ya dengue.

Basi tukiondoa fahari ya kamusi, kinabaki nini? Kinabaki kile ambacho wasomaji wengi wa Christie hukipita haraka. Mzee wa Unguja mwaka 1870 alimtazama kijana aliyekakamaa viungo akasema: hii naijua, ilikuja zamani, ikazagaa mji mzima, watu hawakufa sana, ikaondoka. Fikiria kilichomo ndani ya maneno hayo. Kuna utambuzi wa ugonjwa. Kuna tarehe, ingawa ni ya kumbukumbu. Kuna makadirio ya ukali wake, na kuna matarajio ya mwisho wake. Katika mji uliotoka kuzika watu wa kipindupindu, kuambiwa kwamba maradhi haya mapya huumiza lakini hayaui wengi ilikuwa taarifa ya thamani kubwa mno. Idara za afya hivi sasa hutumia fedha nyingi kupata taarifa za namna hiyo katika siku za mwanzo za mlipuko. Hawa walikuwa nazo kwa sababu kizazi cha 1823 hakikusema tu kwamba mwaka ule kulikuwa na homa. Kiliiita kwa jina ambalo halikufanana na la homa nyingine yoyote, na jina hilo likasafiri kutoka kwa mama hadi mtoto, likakaa kimya karibu nusu karne, likaamka lilipohitajika.

Hapo ndipo napenda tuliangalie upya lile neno janga, ambalo tangu korona limekuwa midomoni mwetu kila maradhi yanapotajwa. Janga na mlipuko hutaja ukubwa wa jambo. Hayasemi linauma wapi, linaanzaje, wala linaishaje. Tena janga limebeba lawama tangu zamani, maana wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na ukilisikia moyo unaanza kumtafuta mchumaji. Tuliona hayo kwa UKIMWI. Rais Benjamin Mkapa aliutangaza kuwa janga la taifa tarehe 31 Desemba 1999, na tangazo hilo lilisaidia kuamsha serikali. Lakini kule Kagera, miaka ya mwanzo, ugonjwa uliitwa Juliana, kwa jina la nguo za magendo, na kila aliyeugua alionekana amejitakia kwa biashara na anasa. Majina yanayoeleza mwili hayana sumu hiyo. Kipindupindu, chikungunya, kidingapopo: hakuna mtu, kabila wala nchi inayonyooshewa kidole ndani yake. Shirika la Afya Duniani lilikuja kuliona hilo mwaka 2015, lilipozitaka nchi ziache kuita magonjwa mapya kwa majina ya mahali, watu au wanyama, na mwaka 2022 likaibadilisha ile iliyoitwa ndui ya nyani kuwa mpox. Wazee wa Newala na Unguja walikuwa wamefuata kanuni hiyo kabla haijaandikwa.

Wapo wanaosema jina kidingapopo litupwe, kwa sababu ndani yake kuna pepo, na penye pepo kuna ushirikina. Au kwa sababu popo humfanya msikilizaji adhani ugonjwa unaletwa na popo, hasa baada ya yale yaliyosemwa wakati wa korona. Tuseme dengue, wanasema, ndilo jina la kisayansi. Hii ni hoja dhaifu kuliko zote nilizozisikia katika mjadala huu. Kila mama aliyehudhuria kliniki ya wajawazito katika nchi hii amechomwa chanjo ya pepopunda. Jina hilo lina pepo, na juu yake lina punda. Sijasikia mama aliyeikataa sindano kwa kuona ni ya uganga, wala aliyekwenda kumtafuta punda. Neno likishazoeleka huacha maana ya sehemu zake na kubaki na maana ya kitu chenyewe. Malaria nalo ni Kitaliano, maana yake hewa mbaya, kutokana na imani kwamba homa hutoka kwenye mvuke wa vinamasi. Influenza ni Kitaliano pia, na lilihusishwa na nguvu za nyota. Hakuna daktari anayeona haya kuyaandika kwenye cheti. Na dengue, linalopewa heshima ya kisayansi, chimbuko lake ni madeko ya Kihispania. Tukianza kuyatupa majina kwa sababu waliyoyabuni hawakuwa na darubini, tutabaki na mengi ya kutupa. Nikumbushe pia kwamba pepo ni wingi wa upepo, na pwani hii maradhi yanayokuja ghafla yamehusishwa na upepo mbaya siku zote. Christie alisikia shetani. Huenda msemaji alikuwa na upepo moyoni.

Hoja yenye uzito ni nyingine. Inasema kwamba jina la wenyeji linachanganya magonjwa mawili, na kwamba kama kidingapopo liliwahi kumaanisha chikungunya na leo linamaanisha dengue, basi halitufai. Dengue inaweza kuua. Ina aina nne za virusi, na mtu aliyepona aina moja akipata nyingine baadaye yumo katika hatari zaidi ya kutokwa damu na kuishiwa nguvu za mwili. Siku ya hatari mara nyingi ni ile homa inaposhuka, wakati mgonjwa na jamaa zake wanaanza kupumua. Chikungunya haina mwenendo huo. Mateso yake ni viungo vinavyouma kwa miezi. Nakubali kabisa kwamba mtaalamu lazima atenganishe, na kipimo ndicho kitakachotenganisha. Lakini tujiulize mgonjwa na jirani yake wanahitaji nini saa ya kwanza. Homa zote mbili huenezwa na mbu mmoja, yule mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Zote mbili, mpaka kipimo kiseme, hutaka mgonjwa anywe maji mengi, ameze parasetamoli, na ajiepushe na asprini, ibuprofeni na diklofenaki, kwa sababu kama ni dengue dawa hizo zinaweza kuchochea kutokwa damu. Jina moja linalompeleka mtu kwenye njia hiyo sahihi ni bora kuliko majina mawili asiyoyajua. Kinachotakiwa ni kuliongezea, tuseme kidingapopo cha kutoa damu na kidingapopo cha viungo, kama tunavyosema kifua kikuu na kifua cha kawaida bila mtu kupotea.

Tatizo letu kubwa ni kwamba hata hilo jina moja limezama. Malaria imeimeza kila homa. Mkoa wa Tanga una sababu zake za kihistoria: utafiti wa malaria umekuwapo Muheza na Amani tangu enzi za ukoloni, na kazi iliyofanyika huko imeokoa maisha ya watu wasiohesabika. Malaria ilikuwa adui wa kweli na bado ipo. Lakini mafanikio hayo yametuachia mazoea ya kuita kila joto la mwili malaria. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali, waliokutwa na vimelea kweli walikuwa 2,062, chini ya nusu. Mwaka 2013 ukatoka mwingine wa Moshi: kati ya wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, 528 waliandikiwa malaria na madaktari, na waliokuwa nayo hasa ni 14. Katika wale waliobaki walikutwa makumi ya watu wenye chikungunya, ambayo hakuna aliyekuwa akiitafuta. Watu hawa walikuwa na ugonjwa ambao babu zao wangeutambua kwa kuutazama, wakaondoka hospitali na jina la ugonjwa mwingine.

Niliwahi kusimama kwenye foleni ya duka la dawa pale Makorora, mbele yangu mama wa makamo anayetembea kwa kuburuta nyayo, mkono mmoja umeshika meza. Kijana wa dukani alimwamkia shikamoo, akamuuliza amepima. Mama akatoa karatasi: malaria hakuna. "Wameniambia ni homa tu, mwanangu. Lakini macho haya kwa ndani yananiuma, na magoti siyawezi." Kijana akampa pole, akageuka kwenye rafu, akamletea vidonge vya diklofenaki na antibayotiki, akamwandikia kutwa mara mbili. Alifanya kwa wema wote. Maumivu nyuma ya macho, magoti yasiyobeba mwili, malaria hakuna: dalili zile zote mama mwenyewe alizitaja kwa ufasaha, na hapakuwa na neno la kuzikusanya. Homa tu. Maneno hayo mawili yanafuta kila kitu. Hayaachi alama kwenye daftari na hayamwambii jirani amwage maji yaliyotuama. Miaka 50 ijayo hapatakuwa na mtu wa kusema hii naijua.

Na kidingapopo hakiko mbali nasi. Mwaka 2019 nchi ilipata mlipuko mkubwa wa dengue. Dar es Salaam iliongoza, na Tanga ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoguswa. Mbu wake hahitaji kinamasi. Hutaga kwenye maji masafi yaliyotulia karibu na watu: pipa la kukingia mvua lisilofunikwa, tairi nyuma ya gereji, sahani ya chini ya chungu cha maua. Kwetu ongeza vifuu. Baada ya kukuna nazi vifuu hutupwa nyuma ya jiko, na kila kimoja kilicholala chali ni kisima kidogo mvua za vuli zikianza. Mayai ya mbu huyu huvumilia ukavu miezi kadhaa, yakisubiri maji. Chandarua, ambacho tumefundishwa vizuri kukitumia usiku dhidi ya mbu wa malaria, hakimkingi mtoto anayecheza uani saa 10 alasiri. Mtu anayedhani homa zote ni malaria, na malaria ni mbu wa usiku, hana sababu ya kugeuza vifuu. Anayejua kidingapopo anayo.

Tuone pia yaliyotokea Lamu, mji wa Kiswahili kama huu wetu, mwaka 2004. Chikungunya iliingia, na uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ukakuta robo tatu ya watu wa mji walikuwa wameshaambukizwa. Kutoka pwani ya Kenya ikavuka Komoro mwaka 2005, na kufika 2006 kule Réunion watu zaidi ya theluthi moja ya kisiwa walikuwa wameugua. Ni bahari ileile ya Christie, na kwa sehemu kubwa ni njia zilezile. Anayedhani habari za Réunion za 2024 na 2025 ni za watu wa mbali hajautazama mpangilio huu vizuri. Tanga ina bandari, ina mpaka wa Horohoro, ina mabasi ya Mombasa kila siku. Swali la maana ni kama siku hiyo ikifika tutaitambua katika wiki ya kwanza, au tutaandika homa tu mpaka nusu ya mtaa imelala.

Kwa hiyo ningependa nguvu tunayoitumia kubishana kama Cuba ilichukua neno letu ielekezwe kwingine. Redio za mkoa zilitaje jina kidingapopo kabla ya vuli na kabla ya masika, pamoja na dalili zake kwa maneno ya watu: macho kuuma kwa ndani, mifupa kama imevunjwa, vidole kutofunga asubuhi. Wauza dawa wazoeshwe kumuuliza mwenye homa isiyo malaria maswali mawili tu kabla ya kugusa diklofenaki: unaumwa viungo, na je, kuna mwingine nyumbani au jirani anayeumwa hivyo? Mganga wa zahanati akikosa kipimo aandike anachoshuku badala ya kuacha nafasi tupu. Na wapo watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wenye vituo Tanga na Amani, ambao wangeweza kwenda kwa wazee wa Kidigo, wa Kibondei, wa Kisambaa na wa Mtang'ata, wawaulize homa walizozipitia na majina waliyoziita, kila jina na dalili zake na mwaka wake kwa kadiri wanavyokumbuka. Mzee wa miaka 80 leo alikuwa kijana mbichi wakati o'nyong'nyong, homa iliyopewa jina na Waacholi wa Uganda mwaka 1959, ilipoenea Afrika Mashariki na kuwaugulisha watu wapatao milioni mbili. Kama iliwahi kupita kijijini kwake, ana jina lake.